Minani au Nyandwi

Thierry, Jumanne tarehe 12 Machi ndiyo siku mke wangu Dévote aliponifia akijifungua. Leo hospitali wameniita niandikishe jina la mtoto.

Nikasema Minani, maana huyu ni wa nane, na kwetu Warundi wa nane ndiye Minani, wa saba ndiye Nyandwi.

Mkalimani, Mrundi mwenzetu kabisa, akanikazia macho: "Mzee, faili lako la ukimbizi lina watoto sita. Huyu ni wa saba. Andika Nyandwi, wasije wakasema ulidanganya ukimbizini."

Nilidanganya! Mimi!

Mwanetu Alida alikufa kambini kabla wale wakubwa wa kambi hawajamwandika. Wiki tatu walituambia rudi kesho. Wewe mwenyewe ulimchimbia kaburi.

"Mzee, saini tu, watu wanangoja."

Nimejifungia chooni na fomu yao. Thierry, Dévote alizaa watoto wangapi?