Maji Tuliyokaribishwa Nayo

Mjukuu wangu Eliya,

Huku Magamba tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, na shangazi yako amerudi kuuza mchele sokoni Kashaulili. Mvua imechelewa lakini mto haujakauka, tunapumua.

Unauliza kwa nini siku ya zamu ya wenzetu wa chini tunafunga mfereji wakati mpunga wetu wenyewe bado una kiu.

Ulipokuwa bado unabebwa mgongoni, sisi wa juu tulichepusha mto wote mashambani, na wenzetu wa chini wakabaki na madimbwi. Siku walizokuja na mapanga siziandiki. Ndipo tukaambiwa tuunde jumuiya ya watumia maji. Kila mkutano ulifanyika kwetu, na kila mkutano tuligombana. Mwishowe mzee mmoja mfugaji wa huko chini akasema, "Nyie njooni kwetu mara moja tu."

Tukaenda. Unajua huku mgeni haulizwi shida kabla ya kupewa maji. Mke wa yule mzee akapiga goti, akampa kila mmoja kikombe. Maji yalikuwa na tope, yananuka ng'ombe. Nikamtazama usoni. Hakuwa anatukomoa, ndiyo maji aliyokuwa nayo. Tukanywa.

Mwenyekiti wetu, mbishi kuliko wote, akarudisha kikombe akauliza, "Zamu yenu mnataka ianze lini?"

Jana ilikuwa zamu yao. Nilifunga lango la mfereji mwenyewe. Jioni yule mama akanipigia simu: "Dada, yamefika, meupe kabisa. Njoo unywe."

Nilicheka peke yangu mpaka babu yako akatoka nje kuniangalia.

Bibi yako