Anza na Ile Fupi ya Ukuta

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku Lushoto ukungu umetukalia wiki nzima. Babu yako goti linamsumbua, ila anakula vizuri.

Umeniuliza uanze na kitabu kipi cha yule mwandishi wa zamani wa hadithi za kutisha. Mimi nilianza vibaya. Nilipokuwa mwalimu mgeni Mlola, niliazima riwaya yake ndefu kuliko zote, ikanishinda mapema. Mwalimu mwenzangu, mwenye kitabu, akaniambia, "Anza na ile hadithi fupi ya ukuta."

Niliisoma mchana. Mtu anasikia pumzi ndani ya ukuta wa nyumba yake, basi. Nilipomaliza sikuweza kukaa peke yangu. Nikaenda kwa jirani yangu, Mama Hiza, aliyekuwa akichambua maharage jikoni, nikamsimulia yote.

"Sasa nani alikuwa anapumua?" akauliza.

"Kitabu hakisemi."

Aliweka ungo chini, akausogelea ukuta wake, akatega sikio. Nilitaka kucheka, lakini nikajikuta nimesimama kando yake, nami nimetega.

Hatukusikia kitu. Hata hivyo, jioni ile nilikivuta kitanda changu katikati ya chumba, na kikakaa hapo mpaka nilipohama Mlola.

Kwa hiyo anza na hiyo. Isome mchana, kisha msimulie mtu. Akikuuliza nani alikuwa anapumua, niandikie umemjibu nini, maana mimi bado sijapata la kumwambia Mama Hiza.

Bibi yako