Uchafu wa Kinu cha Mwenzangu

Shangazi mpendwa, nakusoma tangu niko shule na sikudhani siku moja nitakuandikia, ila sasa sina mwingine wa kumwambia, kwa hiyo naomba univumilie. Mimi ni fundi wa maabara, natengeneza unga wa kichocheo utakaowekwa ndani ya barakoa za wachimba migodi, ili kaboni monoksidi, ile sumu isiyo na harufu inayoua watu wakilala na jiko la mkaa ndani, igeuzwe hewa isiyoua kabla haijafika mapafuni. Tulikuwa wawili chumbani, mimi na dada mmoja aliyenitangulia kazini, mimi nikisaga platini, ile metali ya bei ghali, yeye chuma, kwa kinu kimoja cha kauri, naye, Shangazi, kinu haoshi, anakifuta tu kwa karatasi, nami nikawa namsema kila siku, nikambatiza Bi Masizi mbele za watu, wakacheka, mpaka asubuhi moja akakusanya vitu vyake akahamia jengo la pili, nami nikaletewa kinu kipya nikafurahi.

Siku chache kabla hajahama unga wangu ulikuwa umefanya maajabu, unaunguza sumu yote bila hata kupashwa moto, bosi akanipongeza kikaoni, nikaandika kanuni: platini tupu. Basi tangu kinu kipya kije unga haufanyi kitu, nimerudia mara kumi na moja, na juzi nikapima mabaki ya ule wa zamani nikakuta una chuma ndani, chuma chake, maana platini peke yake inaing'ang'ania ile sumu mpaka oksijeni ya kuiunguza inakosa pa kukaa, lakini chuma kikiwa pembeni kinaipokea oksijeni na kuisogeza, na kazi inakwenda.

Jumatatu kanuni yangu inapelekwa kiwandani, na huko hawatapima upya, wanategemea vipimo vyangu. Niongeze chuma kimyakimya niseme ni wazo langu? Mchana nakula nikitazama kiti chake, nyumbani niko peke yangu, kuna siku inaisha sijafungua mdomo ila kumsalimu mlinzi getini, na tukikutana koridoni yeye anapita tu. Nifanyeje?

Mpweke wa Chumba cha Tatu

Mwanangu, kemia ilinishinda shuleni, lakini wewe nimekuelewa vizuri kuliko unavyotaka. Pole. Siku nzima bila kufungua mdomo si jambo dogo, sentensi hiyo nimeisoma mara mbili. Ila upweke huo umejitakia mwenyewe, siku ile ulipombatiza mwenzio jina, na usiniambie ulikuwa utani. Yeye alicheka?

Kuhusu kuongeza chuma kimyakimya, koma kabisa! Umemkimbiza chumbani kwa sababu ya kinu, sasa unataka kumwibia kilichobaki ndani yake? Na utaweka kiasi gani? Hujui. Anayekijua chuma ni yeye.

Leo, siyo Jumatatu, nenda kwa bosi na daftari lako mkononi, mwambie aizuie kanuni. Atafoka, mwache afoke. Ukitoka hapo vuka uwanja mpaka jengo la pili, ubishe hodi, umwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Omba radhi kwa matusi kwanza, habari za platini zifuate, na umwambie jina lake litaandikwa juu ya lako. Usimwombe arudi kukaa nawe, hilo si deni lake kwako. Huenda asikusamehe, ukaendelea kula peke yako, na sitakudanganya kwamba haitauma.

Lakini ukinyamaza, kuna mtu atakuwa chini ya ardhi, moshi umejaa, ataivaa barakoa yako na kuvuta pumzi kwa nguvu zake zote. Yeye hana habari na ugomvi wenu.