Taa ya Injini Iliyokuwa Ikinisingizia

Baba Pacha,

Chai ipo kwenye chupa. Nguo zikikauka zianue, usiwasubiri pacha watoke shule. Paka ameshakula, asikudanganye.

Gari-nyumba nimelichukua mimi. Usifoke kwanza, soma.

Umebadilisha sensa ya injini mara tatu, na ile taa ya njano bado inawaka kila tukisafiri. Ukienda kulijaribu gari peke yako, haiwaki. Jana mezani ukawaambia watoto, "Gari linamwogopa mama yenu." Mkacheka. Na mimi nikacheka, lakini iliniuma.

Basi leo ulipokwenda kununua mkate, nikawasha injini, nikakaa kwenye kiti changu cha abiria. Taa ikawaka. Nikainuka, baada ya muda ikazima. Nikachukua tochi, nikapiga magoti. Chini ya kiti umesokomeza sanduku lako la spana, na waya wa sensa unapita hapohapo. Nikikaa, kiti kinabonyea, sanduku linaukandamiza waya. Waya umechubuka mpaka shaba inaonekana. Kweli mganga hajigangi!

Nimetoa sanduku, nimeufunga waya kwa utepe wa umeme, nimekaa tena kwa kishindo. Taa kimya.

Naenda kwa dada kumsimulia. ~~Nitalala hukohuko.~~ Nitarudi jioni, tutoke sote tukapunge upepo.

Sanduku lenyewe ndilo hilo lililokalia kikaratasi hiki. Litafutie pa kukaa. Kile kiti kina mwenyewe.

Mama Pacha,
anayeogopwa na magari