Vile Min Akinyi Aliingia Uwanja

Jumapili, Rodi Kopany

Na hakuna mtu hata alimgusa! Kijana wa Min Akinyi, yaani mama Akinyi, yule tunauza na yeye samaki ya omena sokoni, amejirusha tu mbele ya goli. Refa akapeana penalti. Min Akinyi naye akakimbia ndani ya uwanja na leso, anampepea, anapiga nduru, watu wote wanamwangalia yeye.

Kijana wangu Ouma alipigwa teke ya ukweli, akaruka juu akaendelea kucheza. Mimi na leso yangu mpya tukabaki kwa laini.

Nikamuuliza nyumbani, "Kwani hungelala chini hata kidogo, na mimi niingie?"

"Mama, sikuwa nimeumia."

Sasa mguu imefura, anaificha chini ya meza. Wacha nichemshe maji ya chumvi. Huyu kunyamaza alifunzwa na nani? Si mimi.