Udongo wa Chini ya Mplamu

Zgornji Breg,
9 Mei 2011.

Mpendwa wifi yangu Majda,

Pokea salamu nyingi kutoka huku bondeni. Habari za afya yako, na je, baridi ya Toronto imewaachia? Goti la shemeji Štefan limepona? Kaka yako Rok yuko zamu ya usiku, analala mchana kama popo. Ningependa kukwambia sote tu wazima, lakini nitakuwa nakudanganya.

Mwaka jana nilikueleza kwamba Neža wetu alipimwa damu akakutwa na madini ya risasi. Kiwanda cha kuyeyushia madini hayo kilifungwa zamani, ila vumbi lake bado limo ardhini. Nesi akatukataza kumpa mchunga wa kuchuma malishoni. Nawe unamjua yule mtoto, miaka minne tu, lakini ukimwekea mchunga na viazi vya moto na mafuta ya nguruwe, anakula mpaka anaramba bakuli.

Basi nikaamua kuupanda nyumbani. Mama yenu alicheka hadi akakaa chini. "Mchunga unapandwa? Kesho utapanda na nzi!" Hata hivyo ni yeye aliyenikusanyia mbegu zake zile zenye manyoya kama pamba, akanionyesha zinavyotandazwa juu juu bila kufukiwa, maana zinataka mwanga. Nikanunua udongo wa mifuko, tukapanga makasha barazani. Ulimea vizuri ajabu. Hakuna jirani ambaye sikumringia.

Wiki iliyopita tulipata majibu mapya ya damu. Risasi imezidi. Nililia mbele ya nesi bila haya.

Niliporudi nilimwambia Mama sielewi, mtoto hali mboga nyingine ila mchunga wetu wenyewe. Akaendelea kumenya viazi.

"Ule udongo wa dukani makapi matupu, mwanangu. Mimi nauchanganyia wa kwetu, wa pale chini ya mplamu."

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mwanzo. Kwani ulidhani umemea kwa uzuri wa mikono yako?"

Wifi, nilipayuka. Nilitupa makasha yote uani, nikamwambia asimlishe mwanangu hata tonge moja. Tangu hapo anakula peke yake chumbani kwake, amejifungia, na Neža anashinda akigonga mlango na kumwita. Nina hasira naye bado, na papo hapo namwonea huruma. Alitaka mboga za mjukuu wake zistawi, basi.

Nakuomba umpigie simu. Mimi nikibisha hodi ananyamaza, na Rok akijaribu ndiyo kwanza anaharibu. Wewe ndiye mwanawe wa kike, hakukatalii. Mwambie atoke. Vipimo vingine ni vuli, na siwezi kuusubiri wakati huo katika nyumba iliyonuna hivi.

Rok anakusalimu sana, na jirani Tinka pia. Neža anambusu shangazi yake. Mungu awatunze huko mliko, awape usingizi mwema kuliko wetu.

Mama hakutuma salamu. Jana jioni tu, nikipita mlangoni kwake, alisema kutoka ndani: "Na Majda je, alishapimwa? Maana hata yeye nimemkuza kwa udongo ule ule."

Wako akupendaye,
Alenka