Fornasier wa Kimisagara Wameongezeka

Kimisagara, Kigali
Jumapili, 14 Juni 1992

Mpendwa Shangazi Winifred,

Shikamoo. Na kama hukuipokea hiyo kwa sababu ya hasira, nakupa ya pili: shikamoo.

Hujambo lakini? Miguu bado inavimba, au ulisikia ushauri wangu ukaacha kusimama sokoni kutwa nzima? Mzee Arthur hajambo? Na senene wa mwaka huu walishuka huko Bukoba? Kama walishuka na hukuniwekea hata kikombe kimoja, hilo tutalizungumza siku tukionana.

Sisi huku wazima. Mama anakula, analalamika, anakula tena. Bibi Xavérine, mama yako, meno yamebaki machache ila ulimi bado mzima wote. Mimi nazidi kupendeza, mpaka naogopa: siku utakayoniona utadhani umekosea nyumba.

Habari kubwa ni kwamba Spéciose, mke wa kaka Libère, amejifungua salama. Mtoto wa kike, mweupe kidogo, mwenye sauti ya mwuza samaki. Mama na mtoto hawajambo. Libère anatembea mtaani kama aliyezaa ni yeye.

Sasa tuje kwenye barua yako ya mwezi wa tatu. Niliisoma mimi kwa sauti, maana Libère akisoma ni kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Uliandika kwamba mtoto atakayezaliwa aitwe Mugeni basi, na hilo jina la Fornasier lifie hapo lilipofika. Ulisema limemtia mama yako aibu miaka yote: babu Ettore alikuja kuchoma matofali ya misheni, akazaa naye bila ndoa, akapanda meli kwenda kwao Italia, akatuachia jina kama mtu anavyoacha viatu vibovu mlangoni. Ukasema pia kwamba siku hizi jina geni linamponza mtu. Nilipomaliza kusoma Libère alikunja mikono, akasema, "Shangazi amesema." Unajua huku kwetu shangazi akisema imekwisha. Ila mimi nilijisemea moyoni: amesema, lakini hajanimaliza.

Nianze mbali kidogo, na usirushe kurasa. Unajua tuna karakana ya kuchomelea vyuma hapa bondeni, mimi na Libère. Mageti, milango, madirisha. Mwaka jana nilipaka jina letu juu ya geti kwa rangi nyekundu, FORNASIER, herufi kubwa kuliko za ofisi ya mkubwa yeyote. Libère aliogopa. Nikamwambia mteja huja kwa macho kwanza. Basi mwezi wa nne akaja Mwitaliano mmoja anaitwa Bruno, msimamizi wa watu wanaotengeneza barabara, ekseli ya tela lake imekatika. Hakutazama hata tela. Alitazama geti, akanitazama mimi, akatazama geti tena.

"Hii jina iko ya nani?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha barabarani.

"Iko yangu."

"Uliona wapi? Kwa gazeti?"

"Niliikuta nyumbani. Wewe yako uliokota wapi?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya mtungi wa gesi, mahali ambapo mtu mwenye akili hakai. Kumbe mama mkwe wake ni Fornasier! Akanieleza jina lilikotoka, nami nakueleza wewe, maana umelibeba tangu uzaliwe bila kujua ndani kuna nini.

Kwao, kaskazini mashariki ya Italia, upande wa ule mji uliojengwa majini, tanuri la matofali huitwa fornasa, na mtu wa tanuri ndiye Fornasier. Si jina la kifalme, kwa hiyo usianze kujivuna sokoni. Ni jina la watu wenye masizi puani. Zamani theluji ikiyeyuka watu wa huko walikuwa wanaondoka na vijana wao kwenda Austria na Ujerumani kuchoma matofali ya watu wengine, na baridi ikianza wanarudi. Baadaye shida ikawazidi, wakapanda meli. Wengine Brazili, upande wa kusini. Wengine Ajentina. Wengine Ufaransa, wengine Ubelgiji, wengine Kanada, na wengine Australia, ambako kwa nilivyofundishwa kabla sijaachana na shule watu hutembea kichwa chini. Bruno anaapa kwamba kuna kanisa huko Brazili, padri akitaja jina hilo nusu ya watu wanageuka. Lakini Bruno anaapa pia kwamba tela lake halikupakiwa kupita kiasi, kwa hiyo gawanya kwa mbili.

"Na Afrika je?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Afrika bado sijasikia."

"Sasa umesikia."

Usiku huo, Shangazi, kichwa changu kilifanya kazi mpaka kikapata moto. Huko Ajentina jina hilo lilipofika, halikuwa geni? Huko Australia waliliimba kanisani siku ya kwanza? Kila mahali liliteremka melini likiwa na mzigo wake wa nguo chafu, watu wakalicheka, wenyewe wakalishikilia, leo ni jina la mtaa mzima. Mbona huko kote halikufa, ila likifika Kimisagara ndiyo linapigwa marufuku? Sisi tuna kasoro gani?

Spéciose alipojifungua Bruno alikuwa amekuja kuchukua tela lake. Nikampa habari, akatikisa kichwa. "Mutoto mwanamuke? Pole. Kwa mwanamuke jina inakufa. Atazaa, watoto watachukua jina ya bwana yake."

Nikamwambia hayo ni ya kwenu. Huku kila mtoto hupewa jina siku yake ya kupewa jina, na anayeruhusiwa kulitaja analitaja. Binti yetu atakufa nalo, na akitaka atawapa watoto wake wote, mumewe akasirike akiwa amekaa. Bruno akasema kumbe jina lingefaa kuhamia huku zamani. Nikamwambia ndiyo, mmechelewa.

Lakini nisikudanganye. Neno lako kuhusu aibu ya bibi lilinichoma. Mimi nacheza na kila kitu ila hicho sichezei. Kama jina linamuumiza, nilikuwa tayari kuchukua brashi na kufuta geti mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda kumwuliza. Nilimkuta anachambua maharage.

"Bibi, shangazi anasema jina la babu linakutia aibu."

Hakuinua kichwa. "Winifred aliniuliza lini?"

"Anasema babu alikuacha."

Hapo akauweka ungo chini. "Aliniacha? Ettore alinifungia sanduku! Aliniambia twende wote, mimi na watoto, meli inangoja Mombasa. Nikamwambia siendi kuishi mahali ambapo sijui kuwatukana majirani. Akalia. Mimi sikulia. Sasa, wewe uliyesoma kidogo, nani alimwacha mwenzake?"

Nikamwuliza mbona hakutuambia miaka yote hii.

"Mlikuwa mnanihurumia vizuri," akasema. "Na huruma yenu ilikuwa inakuja na sukari."

Halafu akaanza kucheka peke yake, akanisimulia mlivyozaliwa. Ulipozaliwa wewe, Ettore alisema mtoto ni Fornasier, bibi akakubali, akaona si jina baya kwa msichana. Alipozaliwa baba yetu, marehemu Mutsinzi, mzee akasema tena Fornasier. Bibi akamwambia, "Baba wee, hilo umeshalitoa, tafuta jingine!" Alidhani amesahau. Mzee akaeleza, akaeleza, mpaka maziwa yakafurika jikoni. Bibi anasema hakuelewa kitu, alikubali kwa kumwonea huruma tu, mwanamume mzima mwenye jina moja la kuwapa watoto wote. Kwa hiyo jua hilo: katika nchi hii wa kwanza kuitwa hivyo baada yake ni wewe. Baba alipewa makombo yako, na sisi makombo ya baba.

Basi siku ya nane ikafika. Bado unakumbuka desturi? Watoto wa jirani wanaitwa, wanapewa vijiti, wanalima kijishamba, mtu anawanyunyizia maji na kupiga kelele kwamba mvua inanyesha, wanakimbilia ndani kula maharage na mboga, kisha kila mmoja anamtajia mtoto jina. Sisi shamba hatuna, kwa hiyo walilima kile kipande kati ya mfereji na rundo la mageti. Na mimi nikashika kijiti nikalima nao, nikakimbia mvua, nikakaa nao kwenye mkeka magoti yakigusa masikio.

Mama akanikazia macho. "Achille, wewe ni mtoto?"

"Mama, jana ulininyima ruhusa ya kwenda kustarehe Gisimenti ukisema mimi bado mtoto."

Wakaanza kutaja. Mmoja akamwita Aurore, kama binti yako. Mmoja akamwita Fanta, na alikuwa hatanii. Ikafika zamu yangu, mdomo umejaa maharage, nikasema, "Mimi namwita Fornasier."

Libère akatazama chini. "Shangazi amekataa."

"Huyo shangazi nimemzaa mimi," bibi akasema kutoka kwenye kona yake. "Na mimi sijakataa."

Lakini Libère si aibu iliyokuwa inamsumbua. Akanigeukia. "Wewe ulikalishwa juani pale bariyeri kwa ajili ya jina hilo. Unataka na huyu akalishwe?"

Hiyo sikukuandikia, nikuandikie sasa. Mwezi wa pili nilisimamishwa na askari kwenye kizuizi cha barabara pale kuelekea Nyabugogo. Alisoma kitambulisho changu, akasoma tena, akawaita wenzake. Wewe ni mtu wa wapi? Wa Kimisagara. Nani alikupa jina hili? Baba. Baba yako ni nani? Marehemu. Wakacheka, wakaniweka chini mpaka kivuli kikahama, halafu wakaniachia. Waliokuwa wamekaa nami pale walikuwa na majina ya hapa hapa, mazuri, ya kawaida kabisa. Wengine walikuwa bado wamekaa nilipoondoka.

Kwa hiyo nikamjibu Libère mbele ya watoto wote: siku hizi kila jina lina namna yake ya kumponza mwenyewe. Langu angalau huwachekesha kwanza. Tukianza kuyatupa majina kwa kuogopa bariyeri tutabaki tunaitana kwa miluzi.

Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikutaka wacheke. Libère alifuta mikono kwenye suruali, akamchukua mtoto kwa Spéciose, akamwinua kidogo. Akasema, "Mugeni umepewa na shangazi yetu. Fornasier tunakupa sisi. Utayabeba yote mawili." Spéciose akasema na iwe hivyo. Bibi akapiga vigelegele kwa yale meno yake machache, na yule wa Fanta akalia kwa kushindwa.

Ndivyo ilivyokuwa. Usimkasirikie Libère, yeye ni mtu mwema na mwoga. Nikasirikie mimi, mgongo wangu mpana. Lakini sifuti geti, sifuti kitambulisho, na simfuti mtoto. Ukitaka kugomba, panda gari mpaka Rusumo mpakani, vuka, njoo ugombe hapa mbele ya mama yako. Amesema nikuandikie hivi: kama una swali kuhusu aibu yake, njoo umwulize yeye kwa mdomo wako, na uje na sukari kama kawaida.

Bruno anarudi kwao mwezi wa nane. Amesema atamwambia mama mkwe wake kwamba Kigali wapo. Nimemwambia aseme na Bukoba.

Nisalimie mzee Arthur sana, na binamu zangu Aurore na Keith. Keith mwambie nimesikia amefuga ndevu, na kwamba za kwangu zilikuja mapema na bila kubembelezwa. Mama Mukabalisa anawasalimu wote. Libère na Spéciose wanawasalimu, Libère akiwa amejificha nyuma ya mkewe. Mugeni Fornasier amekojoa kwenye ukurasa huu wa mwisho, naye pokea salamu zake.

Mungu akupunguzie miguu na akuongezee miaka. Na sisi huku atutazame kwa macho yote mawili, maana mwaka huu moja halitoshi.

Ni mimi nikupendaye hata ukinuna,

Achille Fornasier

Nilisahau. Barua hii nampa Ndayisaba, dereva wa lori, aiteremshe pale sokoni na kuliita jina lako kwa sauti. Juu ya bahasha sikuandika Winifred Arthur kama unavyojiandika huko kwa jina la mumeo. Nimeandika Winifred Fornasier, na nimemwapisha asimkabidhi mtu yeyote mpaka aite jina hilo na mwenyewe aitike. Kama unasoma hapa, Shangazi, basi umeitika.